Gramu Mbili kwa Sekunde

Kwa uzito, injini ya petroli hula hewa kuliko inavyokula petroli. Gramu moja ya petroli, ikitaka kuungua yote bila kubakisha kitu, inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Jaza tangi la lita 40 leo. Kufikia siku litakapokauka, injini yako itakuwa imevuta zaidi ya kilo 400 za hewa, na hakuna mtu atakayekuletea risiti. Bei ya mafuta tunaipigia kelele kila tarehe 14 ya mwezi ikitangazwa. Hewa nani huiulizia?

Mimi nilianza kuiulizia mwaka jana, Probox ya mathe ilipoanza kuishiwa nguvu kwenye mlima wa Kinungi.

Mathe huuza nyanya Kangemi. Mara tatu kwa wiki tunatoka nyumbani saa nane usiku, tunashuka hadi Naivasha, tunapakia kreti sita, na kufikia saa kumi na mbili na nusu asubuhi meza yake iko tayari. Mimi ndiye dereva. Mchana nalala kidogo, halafu nafungua laptopu naandikia watu wa ng'ambo makala kwa shilingi 300 ukurasa. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu nitoke chuo mwaka wa pili.

Probox tulinunua kuukuu, manyuali, kwa mkopo wa logbuku. Kila Jumatatu kampuni ya mkopo inataka 6,500. Gari lina kifaa cha kulifuatilia, kwa hivyo hata ukilificha kwa bibi huko ushago wanajua limelala wapi. Na nyanya hazingoji. Kreti ikipigwa na jua la saa nne ukiwa umekwama kando ya barabara, zile za chini zinaanza kutoa maji, na mteja wa Kangemi anaona maji hayo kabla hajaona nyanya.

Kutoka Naivasha, barabara iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na inapanda hadi zaidi ya mita 2,400 ndipo ianze kushuka kuelekea Nairobi. Hapo kwenye kupanda ndipo gari lilikuwa linachoka. Gia ya tatu halitaki, ya pili linalia, malori ya mizigo yanatupita. Tukifika juu, tukianza kuteremka, linakuwa sawa kabisa, kana kwamba lilikuwa linatuchezea. Mathe alikuwa akikaa kando yangu kimya, ameshika kipochi chake kwa mikono miwili. Sikuhitaji kumuuliza anahesabu nini.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili akaleta koili. Wa tatu akasema ni pampu ya mafuta, na kweli ile mpya ilikuwa inanguruma vizuri zaidi, lakini Kinungi ilibaki Kinungi. Wa nne alikuwa na mashine kubwa ya kusoma gari, skrini kama ya televisheni, na alitoza 2,500 kuichomeka tu. Gari likiwa limesimama pale gerejini, injini inanguruma polepole, mashine ikaandika kwamba hakuna kosa. Akakuna kichwa, akasema, "Basi itakuwa sensa ya hewa. Leta 9,000."

Kufikia hapo tulikuwa tumeshatoa 31,000. Hiyo ni karibu wiki tano za mkopo.

Sasa, sensa ya hewa nilikuwa naijua, kwa njia ya ajabu. Kati ya makala nilizokuwa nimeandikia wateja wa ng'ambo, tatu zilikuwa kuhusu hicho kifaa. Mteja alikuwa anauza spea Marekani na alitaka kila makala iishie kwa kumshauri msomaji anunue sensa mpya. Kwa hivyo nilijua kinavyofanya kazi. Ndani ya bomba la hewa, baada ya filta, kuna kiwaya chembamba cha platinamu. Umeme unakipasha moto mpaka kiwe na joto kuliko hewa inayopita. Hewa ikipita inakipoza, jinsi unavyopuliza chai. Hewa ikizidi, kinapozwa zaidi, na umeme zaidi unahitajika kukirudisha kwenye joto lake. Kompyuta ya gari inasoma ule umeme na kupata jibu kwa gramu: sekunde hii zimeingia gramu ngapi za hewa. Kutokana na jibu hilo ndipo inaamua petroli ya kumwaga.

Nilijua hayo yote na bado sikujua kama tununue ya 9,000 au la.

Jirani wa mathe sokoni ndiye alitupeleka kwa fundi wa tano, mzee mmoja aliye na kibanda cha mabati huko nyuma ya Kirinyaga Road, upande ule ambao watu wazima bado wanauita Grogan. Hakuwa na mashine kubwa. Alikuwa na kifaa cha kuchomeka chini ya usukani, kidogo kama kiberiti, kinachoongea na simu kwa Bluetooth, na simu yenyewe ilikuwa imepasuka kioo. Alikuwa pia na kaunta buku, ile ya jalada gumu jeusi, imechakaa hadi ubavu wake umefungwa kwa selotepu.

"Gari imekufa ikiwa wapi?" aliuliza.

Nikamwambia Kinungi, ikiwa na mzigo.

"Na hao wengine waliipima ikiwa wapi?"

"Gerejini. Imesimama."

Akacheka kidogo, si kwa dharau. "Sasa mgonjwa anaumwa akipanda ngazi, wewe unampima akiwa amelala."

Aliwasha injini, akaiacha ipate moto, akanionyesha simu: gramu 2.1 kwa sekunde. Akafungua kaunta buku. Kulikuwa na safu za magari kwa kalamu ya bluu, aina ya gari, ukubwa wa injini, tarehe, na nambari. Probox, Fielder, na nyinginezo za injini hiyo hiyo ya lita 1.5, zikiwa zimesimama: 1.9, 2.2, 2.0, 2.1. Zote gramu mbili hivi. "Ikiwa imesimama, hata ile ambayo inakaribia kufa inasoma mbili," alisema. "Hapa haina kazi. Haina kitu imebeba. Pumzi kidogo inaitosha."

Halafu akaniambia niendeshe.

Jumapili asubuhi, barabara tupu, yeye kando yangu na simu mkononi. Maagizo yalikuwa mafupi: gia ya pili, kanyaga mpaka chini, usiachilie mpaka nikwambie. Nikakanyaga. Kwa gari zima hiyo huwa ni sekunde chache za kelele na unafika mizunguko 5,000. Letu lilienda kama mtu anayetembea ndani ya maji. Lilipofika hatimaye, fundi alisoma nambari kwa sauti. Gramu 29.

Kwenye kaunta buku, safu ya pili, ile ya kukanyaga, magari ya injini hiyo yalisoma 49, 51, 48, 52.

Nambari ile ilinishtua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni wazi, letu lilikuwa linavuta zaidi kidogo ya nusu. Ya pili ni kwamba nambari zake za magari mazima hazikufanana na zile nilizokuwa nimeandika kwenye makala zangu. Zile za kwangu, nilizopewa na mteja, zilikuwa juu zaidi, karibu 60. Kwa hesabu ya Marekani, kila gari zima kwenye kaunta buku ya mzee lilikuwa gonjwa.

Tukasimama kando ya barabara. Nikaomba kalamu na kipande cha katoni. Injini ya aina hii hujaza silinda zake zote mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 5,000 kwa dakika, hiyo ni mara 2,500. Zidisha kwa lita 1.5, unapata lita 3,750 kwa dakika, yaani kama lita 62 kwa sekunde. Sasa lita moja ya hewa ina uzito gani? Pwani, usawa wa bahari, ni kama gramu 1.2. Lakini Nairobi iko mita 1,700 na zaidi juu, hewa ni nyepesi, na lita moja ina karibu gramu 1 tu. Kwa hivyo hapa kwetu, injini ambayo ingejaa pomoni ingevuta gramu 62. Hakuna injini ya kawaida inayojaa pomoni, kwani kuna mabomba, kona, vilango. Ikifika asilimia 80 iko vizuri. Asilimia 80 ya 62 ni 50 hivi. Mombasa, gari lile lile, dereva yule yule, lingesoma karibu 60.

Mzee alitazama katoni kwa muda. Kisha akatazama kaunta buku yake. Alikuwa amefika 50 kwa kupima magari mazima miaka mingi, moja baada ya jingine, bila kuandika hata mstari mmoja wa hesabu.

"Hii ulisomea?"

"Nilianza."

"Ukamaliza?"

"Karo ilikwisha."

"Sawa," akasema, akakunja katoni na kuitia ndani ya kaunta buku. "Lakini hesabu imebaki."

Chuo kilinitoa kwa njia ya kawaida tu. Salio la karo likazidi, mlango wa mtandaoni ukafungwa, mitihani ikanipita, na kwenye rekodi yangu kukabaki nafasi tupu ambazo ukizitazama kutoka ofisini zinafanana na za mtu aliyekuwa amelala. Muhula ule ule ndio mathe alikuwa amelazwa wiki tatu na mimi ndiye nilikuwa nafungua kibanda. Rekodi haina safu ya hiyo. Sisemi haya nionewe huruma. Nayasema kwa sababu nilipoona ile kaunta buku, yenye safu moja ya gari likiwa limesimama na nyingine ya gari likiwa limekanyagwa, nilitamani kuwe na karani mmoja kule aliyewahi kuchora mistari namna hiyo.

Turudi kwa gramu 29, maana bado hatukuwa tumejua ugonjwa.

Nambari ndogo ina maana mbili. Ya kwanza, huenda hewa inaingia ya kutosha lakini sensa inadanganya, kile kiwaya kimeshika vumbi na mafuta na hakihisi upepo vizuri. Ya pili, sensa inasema ukweli na hewa kweli haiingii. Ukinunua sensa mpya na tatizo likawa hilo la pili, utakuwa umelipa 9,000 usikie ukweli ule ule kutoka kwa kifaa kipya. Makala zangu zote tatu hazikuwa na aya hiyo. Mteja hangeilipia.

Mzee alikuwa na shahidi mwingine. Kwenye eksosi kuna sensa ya oksijeni, kazi yake ni kunusa moshi na kuripoti oksijeni iliyobaki baada ya kuungua. Hii haijui kile kiwaya kimesema nini. Kama kiwaya kinadanganya kwamba hewa ni kidogo, kompyuta inamwaga petroli kidogo, oksijeni inabaki nyingi, na shahidi wa eksosi anapiga kelele. Kompyuta inaanza kuongeza mafuta kufidia, asilimia 15, 20, hata 25. Nambari hiyo ya fidia inasomeka kwenye simu.

Ya kwetu ilikuwa asilimia 3. Na nilipokanyaga mpaka chini, sensa ya oksijeni ilisoma volti 0.85, maana yake petroli ilitosha kabisa hewa iliyoingia. Mashahidi wawili wasiojuana walikuwa wametoa ushahidi mmoja. Kiwaya hakikuwa kinadanganya.

Fundi akatoa filta ya hewa, akaitazama mwangani, akairudisha. Safi. Akafungua bomba, hakuna kitambaa, hakuna kiota cha panya. Akakaa kwenye kreti ya soda.

"Kijana, hii gari haina shida ya kuvuta. Ina shida ya kutoa."

Jaribu wewe mwenyewe: jaza mapafu, usitoe, halafu jaribu kuvuta tena. Silinda nayo ni hivyo hivyo. Moshi wa zamu iliyopita ukikosa njia, unabaki ndani ukichukua nafasi ya hewa mpya. Alichukua spana, akafungua ile sensa ya oksijeni ya mbele, akaacha tundu lake wazi, tundu la kuingiza kidole gumba. Tukarudi barabarani. Kelele ilikuwa ya kutia aibu, watu waliokuwa wakienda kanisani waligeuka. Gia ya pili, mpaka chini. Gramu 41.

Tundu dogo namna ile lilikuwa limetuongezea gramu 12. Hapo hata mimi niliona. Kizuizi kilikuwa mbele ya tundu, na kilichokuwa mbele ni katalitiki, lile kopo la eksosi lenye asali ya udongo ndani, vijitundu maelfu vilivyopakwa madini ya kusafisha moshi. Lilipofunguliwa, nusu ya vijitundu ilikuwa imeyeyuka na kuwa kama kioo kilichopikwa. Mzee alisema hivyo ndivyo huwa gari likiendeshwa muda mrefu na koili iliyokufa: petroli isiyoungua inatoka mbichi, inaenda kuungulia kwenye katalitiki, na joto linaiyeyusha. Aliyetuuzia gari ndiye alijua hiyo koili ilikufa lini.

Nilimpigia mathe. Akaja na mkoba wake na leso ya kazi, moja kwa moja kutoka sokoni.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya 2,000: kuvunja ile asali yote kwa nondo, kurudisha kopo tupu, gari linapumua, mambo yameisha. Hii hufanywa kila siku, na kuna watu wanaozunguka gerejini wakinunua vile vipande kwa sababu vina platinamu, madini yale yale ya kiwaya cha kule mbele. Ya pili ilikuwa 14,000: katalitiki kuukuu lakini nzima, kutoka gari lililokatwa Japani.

Mimi nilikuwa nimeshachagua kichwani. Jumatatu ilikuwa kesho yake.

Mathe aliuliza swali moja. "Hicho kitu kikiwa kizima kinafanya nini?"

"Kinasafisha moshi, mama," fundi akamjibu. "Bila hicho gari inaenda. Ni moshi tu ndio inatoka vile iko."

Mathe alilitazama lile kopo. Meza yake Kangemi iko hatua chache tu kutoka mahali ambapo matatu hushusha watu, na miaka yote niliyomjua ana kikohozi cha saa kumi jioni ambacho yeye hukiita vumbi.

"Huo moshi ukitoka vile uko, ni mimi nakaa hapo," akasema. "Weka nzima."

Alitoa 8,000 pale pale, zile za Jumatatu na za juu yake, na zingine akaomba kwenye chama usiku ule. Kampuni ya mkopo alipigia mwenyewe. Sikusikia alichowaambia, alikuwa ameenda kando, lakini alirudi na siku nne.

Jumatano mzee aliniita tukapime. Likiwa limesimama, gramu 2.1, nambari ile ile ya siku ya kwanza, hata pointi haikusogea. Gia ya pili, mpaka chini: 50. Akaandika kwenye kaunta buku, Probox, lita 1.5, tarehe, halafu kwenye nafasi ya maelezo akaandika neno moja, nyanya. Nilipomuuliza kwa nini, akasema gari likirudi baada ya mwaka lazima ajue huwa linabeba nini.

Sasa na mimi nina kifaa changu cha kuchomeka, nilikinunua Grogan kwa 800. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi napima na kuandika kwenye daftari: 50, 50, 49, 50. Mathe nayo anaisoma. Hajui volti, lakini 50 anaijua, na ikishuka anataka kuelezwa. Yule mteja wa Marekani aliniomba makala ya nne mwezi uliopita. Nikamwandikia, nikaweka aya ya shahidi wa pili katikati. Akaikata, akalipa.

Mkopo bado una wiki 11.